Kitambaa cha Akiba na Jiko Lililotembea

Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Nangara, maana wale kila wakisimulia wanaongeza chumvi, na siku hizi wamefika mahali wanasema nililia. Sikulia. Macho yaliingia moshi. Mengine yote mtakayoambiwa ni kweli na nayakubali kwa mikono miwili, kwamba mimi, fundi wa majiko mwenye karakana yake Bagara hapa Babati, katibu wa umoja wa mafundi, mume wa mtu na baba wa mtu, nilikimbizana na jiko langu mwenyewe mbele ya wageni nikiwa nimevaa suti (ya kuazima) na mwiko mkononi. Aibu niliyoipata siku ile ingetosha ukoo mzima na ikabaki.

Mimi ndiye Baba Happy. Umoja wetu una mafundi kumi na wawili, na mwenyekiti ni Mzee Tluway, Mwiraqw aliyeshuka kutoka Mbulu zamani akiwa na nyundo moja tu (anavyosimulia yeye, na kila mwaka ile nyundo inazidi kuwa ndogo). Shida yetu ilikuwa moja: kila fundi alitengeneza jiko la mkaa kwa jicho lake. Langu fupi, la jirani yangu refu, na la yule mwenzetu wa Nakwa lina miguu minne kwa sababu tu alibakiwa na nondo. Shule zikatuambia waziwazi kwamba leteni majiko ya kiwango kimoja kilichokubaliwa, yenye nembo, la sivyo tunanunua ya kutoka mbali. Basi tukaamua kuandika kiwango chetu, yaani karatasi inayosema jiko la Babati liwe na bati la unene gani, tumbo la udongo la kina gani, kimo gani, halafu wataalamu wa viwango waje kulikagua na wakiridhika watupe nembo. Kazi ya kuandika nilipewa mimi kwa sababu nilipita chuo cha ufundi, na kwa sababu (leo nasema yote) niliitaka sana.

Jamani, nilipima. Nilipima bati, nilipima udongo, nilipima matundu ya hewa hadi wenzangu wakaanza kunikimbia wakiniona na rula. Kipimo kikubwa kuliko vyote kilikuwa maji. Tunaweka sufuria ya maji juu ya jiko, tunatumbukiza kipimajoto, tunawasha saa ya simu, wanaume wazima tumezunguka tumekunja mikono tunasubiri yachemke kama tunasubiri matokeo ya uchaguzi. Yakichemka haraka tunapeana mikono. Tulichemsha maji mengi mno, hadi mke wangu, Mama Happy, akauliza kama tumefungua bafu la kulipia.

Siku moja katikati ya shughuli hizo akaja Mama Neema. Huyu ni mama lishe, ana kibanda chake karibu na stendi, anaishi Nangara, na anaimba kwaya moja na mke wangu. Akasimama mlangoni, akatuangalia na maji yetu.

"Shemeji, habari za kazi? Nimesikia mnaandika sheria ya majiko. Nina neno kidogo kuhusu hiyo miguu."

Na mimi, na rula yangu kwapani, nikamjibu hivi (naikumbuka kila neno, na ningeweza ningeirudisha kooni): "Mama Neema, hili ni suala la kitaalamu. Nyie mtaletewa jiko likiwa limekamilika."

Akanitazama kidogo, akasema sawa, akaondoka zake. Hakununa wala hakugomba, na mimi nikarudi kwenye kipimajoto changu nikijiona mtu wa maana.

Sasa sikilizeni nilivyojichimbia shimo. Fomu ya wataalamu ilikuwa na vipengele vingi, vyote nilivijaza kwa raha, hadi nikafika cha mwisho kabisa. Kiliandikwa juu yake: maadili na wajibu kwa jamii. Swali: je, watumiaji wa kifaa hiki, hasa wanaoweza kudhurika nacho, wameshirikishwa katika kuandaa kiwango? Ndiyo au hapana. Ambatisha majina na maoni yao. Nikakaa nikakitazama. Fomu ilitakiwa kwenda kesho yake. Nikamuuliza Mama Happy, ambaye alikuwa anachambua maharage na kuongea na simu kwa wakati mmoja, "Mke wangu, hivi lile jiko jipya si zuri?" Akasema "Zuri, zuri," nadhani alikuwa anamjibu mtu wa kwenye simu. Basi nikaweka alama kwenye Ndiyo. Alama ndogo tu, ya kalamu ya bluu. Ningeweka kwenye Hapana leo hii ningekuwa na heshima zangu.

Kulikuwa bado na hayo majina. Ukutani kwetu, pembeni ya kioo, kulikuwa na orodha ya akina mama wa kwaya ambayo mke wangu aliiandika walipokuwa wanashona sare. Nikaibandua, nikaenda nayo steshenari, nikamwambia dada wa kompyuta, "Majina yote haya chapa kwenye jedwali, na kwenye maoni weka 'jiko zuri sana' mpaka chini." Yule dada ni mtiifu. Alichapa mpaka chini kabisa, kama nilivyomwagiza. Mimi sikusoma, nilibana karatasi kwa pini, nikatuma, nikaenda kunywa soda.

Siku ya ukaguzi ikafika. Karakana tuliifagia hadi ile sakafu ya saruji ikang'aa (kumbukeni hiyo sakafu), tukafunga kitambaa cha maua kwenye meza ya wageni, mafundi wote kumi na wawili tukakaa mstari mmoja tumechana nywele. Mimi niliazima suti kwa mwalimu wa kwaya, ambaye ni mwembamba, kwa hiyo nilikuwa napumua kwa mpangilio. Mgeni wetu mkubwa alikuwa Mhandisi Joyce wa viwango, dada kijana, mpole, anaongea taratibu. Alipofika alimwinamia Mzee Tluway, "Shikamoo Mzee," Mzee akaitikia "Marahaba, marahaba binti yangu" kwa sauti ya mtu ambaye ameshaiona nembo. Na kwa upande wa nyuma, uani, moshi ulikuwa unafuka, kwa sababu Mzee Tluway, bila kuniambia, alikuwa amewaita akina mama waje kuwapikia wageni chakula. Akina mama gani? Wale wale wa kwaya. Mke wangu akiwemo. Na jikoni kiongozi wao alikuwa Mama Neema.

Mimi bado nilikuwa na amani. Mhandisi alikagua bati, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akakagua udongo, akaridhika. Wenzangu wakaanza kunikonyeza. Halafu akafungua ukurasa wa mwisho, akatabasamu, akasema, "Katibu, hapa ndipo mmenifurahisha. Wengi wanakiruka kipengele hiki. Nyie mmeleta majina. Kuna yeyote kati ya hawa akina mama yupo karibu?"

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Tluway akanyoosha mkono kuelekea uani kwa fahari kubwa. "Wote wapo! Soma tu binti."

Akasoma. "Mama Yohana?"

"Nipo!" ikatoka kwenye moshi, sauti ya mtu anayeshangaa kuitwa.

"Mama Glory?"

"Nipo!"

"Mama Neema?"

"Nipo, ila nageuza nyama."

Jasho likaanza kushuka ndani ya suti ya mwalimu. Akina mama wakaanza kujitokeza mlangoni mmoja mmoja, wakifuta mikono, wakitazamana. Mhandisi akaendelea hadi mstari wa mwisho, akausogeza ule ukurasa karibu na macho.

"Na... Kitambaa cha Akiba?"

Akina mama wakageuka nyuma kumtafuta.

"Kitambaa cha Akiba yupo?" akarudia kwa upole.

Mzee Tluway, ambaye hapendi mgeni akose jibu, akasimama na kusema kwa heshima zote, "Huyo nadhani amepata udhuru."

Nikamwona mke wangu anaziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika, maana orodha ile aliiandika yeye, na chini ya majina ya wanakwaya alikuwa ameandika kile kipande cha kitambaa kilichobaki baada ya sare kushonwa. Kipande hicho ndicho kilichoiambia nchi kwamba jiko langu ni zuri sana.

Mhandisi alikuwa hajaelewa bado, au alikuwa ameshaelewa na ana huruma, mpaka leo sijui. Akamgeukia Mama Neema. "Mama, wewe ulilijaribuje jiko hili?"

Mama Neema akanitazama. Mimi nikamtazama kwa macho ya kuomba, macho ambayo mtu mzima hapaswi kuyatumia hadharani. Akaanza kutabasamu, taratibu, na nilipoliona lile tabasamu nikajua nimekwisha.

"Mhandisi," akasema, "sisi kila kitu tulielekezwa na Baba Happy. Kwa kusonga ugali kwenye jiko hili, hakuna kama yeye. Naomba asonge yeye mwenyewe, nanyi wageni muone."

Vigelegele! Akina mama walipiga vigelegele hadi watu wa barabarani wakaanza kuingia. Hapo bado nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, jamani, mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini wenzangu wote wamenikodolea macho, nembo iko mezani pale, nikajiambia, ugali ni nini? Ni maji na unga, na maji si ndiyo fani yangu?

Jiko likawekwa katikati ya karakana, sufuria kubwa juu. Maji yakachemka upesi kweli, nikaonyesha saa ya simu, nikasema "Mnaona?" kwa sauti nene. Halafu nikachukua unga nikaumimina wote kwa mkupuo. Likatokea donge moja kubwa katikati, limezungukwa na maji, kama kiboko katika Ziwa Babati. Nikaligusagusa kwa mwiko.

"Songa, Baba Happy!" akapiga kelele Mama Glory. "Usiubembeleze!"

Nikasonga. Nilikandamiza mara ya kwanza kwa nguvu, na jiko likasogea hatua moja. Nikadhani ni macho yangu. Nikakandamiza tena, likasogea hatua mbili. Miguu yake mitatu ilikuwa myembamba na imekaribiana (mimi ndiye niliyeandika ikae hivyo, ili tuokoe chuma), sakafu imefagiliwa ikang'aa, kwa hiyo kila nikisukuma mwiko jiko linaondoka, nami nalifuata, nasonga huku natembea, natembea huku nasonga, tunaelekea meza ya wageni. Mhandisi akainua miguu. Wageni wote wakainua miguu.

"Katibu!" akaita Mzee Tluway. "Jiko limeota miguu! Likamate!"

Nikalikanyaga mguu mmoja kwa kiatu ili litulie. Soli ikaanza kuyeyuka, nikasikia harufu kabla ya joto, nikaruka nyuma, suti ikapasuka mgongoni kwa mlio ambao mwalimu wa kwaya anadai aliusikia akiwa kwake, jiko likalala ubavu, sufuria ikamwaga ugali mbichi juu ya rasimu ya kiwango, na mimi nikakaa kwenye beseni la maji ya kunawa mikono. Nikakaa kabisa.

Aliyetangulia kufanya jambo la maana ni Mama Neema. "Rudini nyuma wote!" akasema, na kabla sisi mafundi kumi na wawili hatujajua mkaa umeenda wapi, yeye alikuwa ameshaukusanya kwa koleo na kuumwagia maji, hakuna aliyeungua. Alipomaliza ndipo kicheko kikaanza. Sijawahi kusikia kicheko kama kile Babati. Watu waliegemea kuta, Mama Glory alikaa chini, na Mhandisi Joyce mwenyewe alijifuta machozi kwa kona ya rasimu yangu iliyokuwa haijapata ugali. Na mimi, mtaniamini? Nikacheka pia, humo humo kwenye beseni, kwa sababu nilikuwa nimeshafika chini kabisa na hapakuwa na pengine pa kuanguka.

"Katibu," Mhandisi akauliza alipopata pumzi, "jiko hili mlilijaribu kwa kupika nini?"

"Maji."

"Na nini kingine?"

"Maji ya moto."

Basi nikaona niseme yote. Nikasema hawa akina mama sikuwauliza hata mmoja, majina niliyabandua ukutani kwangu, ni orodha ya sare za kwaya. Mke wangu akaongeza kutoka mlangoni, "Na Kitambaa cha Akiba ni kile kitambaa kilichobaki!" Watu wakaanza upya. Mzee Tluway peke yake hakucheka, alikuwa anafikiri. "Kwa hiyo," akasema, "hakupata udhuru?"

Kelele zilipopungua Mama Neema alinisogelea, akapandisha mkono wa blauzi. Kuna kovu pale, kutoka kiwiko kuja chini, refu na lenye kung'aa.

"Mwaka juzi nilikuwa nasonga ugali wa wateja," akasema, bila kupandisha sauti. "Jiko likasogea, sufuria ikanimwagikia. Jiko lile lina nyota pembeni, Shemeji."

Hakuna asiyejua nyota ile. Naigonga mimi kwa patasi kwenye kila jiko linalotoka kwangu, na siku zote nilikuwa naionyesha kwa watu kwa majivuno. Nawaambieni, kukaa kwenye beseni hakukuniuma hata kidogo, lakini nyota ile iliniuma na inaniuma hadi leo. Kumbe siku ile alikuja mlangoni kuniambia kuhusu kovu lake, na mimi nikamwambia ni suala la kitaalamu. Nikainuka na maji yananichuruzika, nikasema, "Mama Neema, nimekukosea. Nisamehe."

"Nilishakusamehe," akasema, "tangu ulipokalia beseni." Na hapo ndipo watu wa Nangara wanaposema nililia.

Mhandisi hakusaini. Niliona nyuso za wenzangu kumi na mmoja zikishuka na nilijua ni kwa sababu yangu. Lakini hakuikataa rasimu pia. Alisema, "Vipimo vyenu vya bati ni vizuri. Andikeni upya, na hiki kipengele cha mwisho kiwe cha kwanza. Kaeni na wanaopika, halafu niiteni." Kisha akauliza kama kile chakula cha uani kipo kweli. Kilikuwepo, nyama na ugali uliosongwa na wenyewe, na tukala wote pamoja, mimi nikiwa nimefungwa shuka kiunoni.

Wiki zilizofuata tulitumwa na wanaopika. Akina mama walikaa kwenye benchi letu, sisi tukasimama. Mama Neema akasema miguu itanuke, na kuwe na chuma cha kukanyagia chini, maana mtu akisonga anakanyaga jiko ndipo mkono unapata nguvu (sisi na vipimajoto vyetu hatukuwahi kuona mguu wa mpishi). Mama Yohana akataka masikio matatu ya kuishika sufuria. Bibi mmoja wa Nakwa asiyeona vizuri akaomba mshikio wa mbao, ili mkono wake ujue pa kushika bila kutafuta. Tulichomelea, wakarudisha, tukachomelea tena, wakarudisha tena. Kipimo cha maji tukakibakiza kwa heshima, lakini kipimo kikuu kikawa ugali wa watu ishirini, na kimeandikwa hivyo kwenye kiwango. Jioni nikirudi nyumbani Mama Happy ananipa mwiko, ananiambia fanya mazoezi ya kazi.

Mhandisi Joyce aliporudi, Mama Neema alisonga mbele yake, mguu mmoja kwenye chuma, sufuria imeshikwa na masikio, kwenye sakafu ile ile iliyong'aa. Jiko halikusogea hata upana wa unyasi. Halafu akaandika maoni yake mwenyewe kwa mkono wake kwenye jedwali. Wengine waliandika mistari mitatu, minne, na malalamiko mawili tuliyolazimika kuyashughulikia palepale. Yeye aliandika neno moja tu: "Halitembei."

Mhandisi akasoma majina yote, na kila mmoja akaitika. Akafunga faili, akachukua kalamu ya kusaini, halafu akasita, akaniangalia.

"Na Kitambaa cha Akiba? Leo pia ana udhuru?"

Mama Happy akatokea nyuma yangu. Kumbe akina mama walikuwa wamekishona kile kipande cha sare kikawa aproni, ya zambarau, ina mfuko mkubwa mbele. Akanivisha shingoni, akanifunga kamba mgongoni akakaza, akanikabidhi mwiko.

"Amefika," akasema. Mhandisi akasaini.

Aproni hiyo bado ninayo na naivaa kila tukijaribu jiko jipya, ndiyo sheria waliyoniwekea, na nyota yangu sasa naigonga juu ya kile chuma cha kukanyagia, baada ya Mama Neema kukikanyaga kwanza. Na nimeapa mbele ya kwaya nzima kwamba maishani mwangu sitamjibia tena mtu "Ndiyo" ambayo hajaisema. Hata nikiulizwa nyumbani kwangu kama chai ina sukari, natafuta mnywaji nimuulize kwanza.